Filamu ya Caruso na warithi waliokwenda mahakamani

Tarehe 22 Desemba 1956 majaji wa Kasasioni, mahakama ya juu ya Italia, mjini Roma walitoa hukumu namba 4487, na ndani yake wakaacha maneno ambayo wanasheria wa Italia wanayarudia hadi leo. Mtu aliyeshindwa kuyaficha mambo ya maisha yake, walisema, au ambaye hakutaka kuyaficha, hawezi kudai kwamba wengine wamtunzie siri. Udadisi, na hata umbea usiomdhuru mtu, si tabia ya kujivunia, lakini peke yake si kosa la kisheria. Ukiyasoma hayo bila kujua yalikotoka utadhani ni majirani wamepelekana barazani kwa maneno ya uani. Kumbe ni kesi ya sinema.

Sinema yenyewe inaitwa Enrico Caruso, leggenda di una voce, yaani Enrico Caruso, hekaya ya sauti, nayo inamhusu yule mwimbaji mashuhuri wa opera. Ilitoka mwaka 1951, mwongozaji akiwa Giacomo Gentilomo. Ermanno Randi ndiye Caruso kijana. Gina Lollobrigida, ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua vizuri, ni Stella, msichana anayependwa. Randi anafumbua mdomo tu. Sauti inayosikika ni ya Mario Del Monaco, tenori, yaani mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, aliyekuwa akianza kuvuma wakati huo. Hata msingi wa hadithi si wasifu, ni riwaya ya Mjerumani Frank Thiess. Tuna hapa uso wa mtu mmoja, sauti ya wa pili, mambo yaliyotungwa na wa tatu, na jina la wa nne, aliyekuwa kaburini miaka thelathini. Hilo jina la wa nne ndilo lililozua kesi.

Tuanze na aina ya filamu yenyewe, maana kesi haieleweki bila hiyo. Italia iliyotoka vitani ilipenda kulia gizani. Tangu mwaka 1949 Raffaello Matarazzo, akiwatumia Amedeo Nazzari na Yvonne Sanson, alikuwa akijaza majumba ya sinema kwa hadithi za ndoa zilizovunjika na watoto waliobaki katikati. Wahakiki walizibeza. Walizipa jina linalomaanisha kinyofoa machozi, na watu wakaendelea kukata tiketi. Filamu ya namna hiyo haiendi bila nyumba yenye matatizo: baba asiyetosha, mama anayeumia kimya, mtoto mwenye kipaji ambacho nyumbani hakina nafasi. Muhusika akiwa mwimbaji, mwandishi amepata bahati mara mbili, kwa sababu kile ambacho mtoto hawezi kumwambia baba yake mezani anaweza kukiimba jukwaani, na ukumbi mzima ukaelewa. Lakini ili wimbo uume, nyumba lazima iwe mbaya kiasi cha kutosha. Kama si mbaya, itaongezwa chumvi.

Nyumba ya kweli ilikuwaje? Caruso alizaliwa Napoli mwaka 1873. Baba yake, Marcellino, alikuwa fundi wa mitambo na mfanyakazi wa kiwandani. Mama yake aliitwa Anna Baldini. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alikuwa mtoto wa 18 kati ya 21. Kumbukumbu za kuzaliwa zilipochunguzwa wakaonekana watoto saba, yeye akiwa wa tatu, na waliovuka utoto ni watatu tu. Kuzika watoto wanne kulikuwa msiba wa kutosha kwa nyumba yoyote, lakini wasimuliaji hawakuridhika nao. Baba alitaka kijana ashike nyundo; mama ndiye aliyempa moyo wa kuimba. Mama alifariki mwaka 1888, Enrico akiwa na miaka 15, na husimuliwa kwamba siku hiyo mtoto alikuwa kanisani akiimba. Baba hakukawia kuoa tena. Hapo ungetegemea mama wa kambo wa hadithini, yule wa kuficha chakula. Maria Castaldi hakuwa hivyo. Alielewana na mtoto wa kambo, na mtoto alipopata fedha hakumsahau.

Basi kulikuwa na umaskini, kulikuwa na msiba, kulikuwa na baba aliyetaka mshahara kuliko muziki. Na pombe ilikuwamo katika hadithi za ujana wa Caruso hata kabla ya sinema: kisa cha Trapani, ambako kijana anasemekana alipanda jukwaani akiwa amekunywa na kuyavuruga maneno ya opera mpaka wasikilizaji wakamzomea, kilikuwa kikisimuliwa zamani kama kichekesho. Filamu ikayachukua mambo ya aina hiyo na kuyapeleka kwenye kitambaa cheupe. Warithi wa Caruso waliona mambo ya ndani ya maisha ya marehemu, kuanzia unyonge wa nyumba aliyozaliwa hadi tabia ya kunywa, yameanikwa kwa malipo ya tiketi. Wakaishitaki kampuni iliyoitengeneza.

Nilipoisoma kesi hii mara ya kwanza nilidhani ni ya uongo dhidi ya ukweli. Sivyo, na ndiyo maana ina utamu. Kama ingekuwa uongo tu, warithi wangesema jina la marehemu limechafuliwa, na sheria za heshima na sifa ya mtu zilikuwapo tayari. Swali gumu lililobaki mezani lilikuwa jingine: jambo likiwa la kweli, au karibu na kweli, na halimvunjii mtu heshima, je, familia inaweza kusema tu, hili ni letu, liacheni?

Tarehe 14 Septemba 1953 Mahakama ya Roma ilijibu kwamba inaweza. Hapakuwa na kifungu cha sheria kilichosema hivyo waziwazi, kwa hiyo majaji wakafika huko kwa kulinganisha. Kanuni za Sheria za Madai za mwaka 1942, kifungu cha 10, zinazuia picha ya mtu kutumiwa ovyo. Kama huwezi kuitundika sura yangu ukutani mwa duka lako bila ruhusa, utawezaje kuyatundika maisha yangu? Picha ni sehemu ndogo ya mtu. Haiwezekani sehemu ilindwe na kitu kizima kiachwe nje. Kwa maoni yangu hiyo ni hoja nzuri.

Kesi ikapita Mahakama ya Rufaa, ikafika Kasasioni, na huko hoja hiyo ikakatwa. Majaji wa juu walisema hakuna kifungu chochote cha sheria kinachoruhusu kudhani kwamba kuheshimu maisha ya ndani ya mtu ni kanuni ya jumla isiyo na mipaka, sembuse kanuni ya kuifunga mikono sanaa. Sheria inalinda jina, picha, heshima, sifa, barua binafsi; kila kimoja kina kifungu chake. Kupenda tu kuachwa peke yako si haki. Ni matamanio. Wakamalizia na yale maneno ya asiyeficha mambo yake.

Maneno hayo ni matamu masikioni, na yanakaribia kabisa methali zetu za mficha siri na mtoboa siri. Lakini hebu yaweke mbele ya nyumba iliyokuwa ikizungumziwa. Mitaa ya watu wa chini ya Napoli ya karne ya 19 ni mahali ambapo chumba kimoja hulala familia nzima na mlango hufungukia uchochoroni, mume akikohoa jirani anaitikia. Huko mtu anaficha nini, na anakificha wapi? Siri ni kitu cha mwenye kuta. Kumwambia mtoto wa fundi kwamba hakuyaficha maisha yake ni sawa na kumlaumu asiye na mwavuli kwa kulowa. Majaji walizungumza kana kwamba kila mtu huanza maisha akiwa na kabati lenye ufunguo, halafu wengine kwa uzembe wakaliacha wazi.

Tena aliyetakiwa kuficha hakuwapo. Caruso alifariki Napoli tarehe 2 Agosti 1921. Sauti ya 1951 si yake, uso si wake, na aibu pia, kama ilikuwapo, haikuwa yake tena. Ilikuwa ya waliobaki na jina.

Mwaka huohuo wa 1951 Hollywood nayo ilitoa Caruso wake. Filamu ya MGM ilimweka Mario Lanza katika nafasi ya tenori, na ikatumia kitabu cha Dorothy Park Benjamin, Mmarekani aliyeolewa na Caruso mwaka 1918 na kumzalia binti, Gloria. Ile ya Roma iliikuza shida ya utotoni. Ile ya Marekani ikaileta ndoa ya mwishoni. Ziweke pamoja utazame katikati. Kuna shimo la miaka zaidi ya kumi. Ndani ya shimo hilo kuna mwanamke aitwaye Ada Giachetti, na kuna watoto wa kiume wawili.

Huyu ndiye melodrama yenyewe, hadithi ya machozi ya nyumbani, na hakuna kati ya filamu mbili hizo iliyomgusa. Ada alikuwa soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu. Yeye na Caruso walikutana Livorno mwaka 1897 wakiimba pamoja, na wakati huo Ada ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Alikuwa pia mke wa mtu, na alikuwa na mtoto. Italia haikuwa na talaka. Sheria ya talaka ilikuja Desemba 1970, wote hao wakiwa wameshakufa. Kwa hiyo mwanamume na mwanamke hawa, hata wangetaka vipi, wasingeweza kuoana. Waliishi kama mke na mume, wakapata Rodolfo mwaka 1898, aliyepewa jina la mshairi wa opera ya La bohème, na Enrico mdogo mwaka 1904. Ada aliacha jukwaa. Caruso akaenda New York mwaka 1903, akaanza kuimba Metropolitan, jumba la opera la huko, kila msimu, na kabla ya hapo, Aprili 1902, alikuwa amekaa katika chumba cha hoteli Milano akarekodi nyimbo kumi kwa pauni mia moja. (Kampuni hiyo ya Uingereza iliyorekodi Milano ndiyo iliyokuja kumrekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Santuri zilifunga safari ndefu.) Sauti ya baba ilikuwa kila nyumba yenye gramafoni. Baba mwenyewe alikuwa baharini.

Mwaka 1908 baba yake Caruso alifariki, na mwaka huohuo Ada aliondoka na dereva wa gari la nyumbani, Cesare Romati. Caruso baadaye akawa na uhusiano na Rina, mdogo wake Ada, ambaye naye alikuwa mwimbaji. Wanawe walikua mikononi mwa walezi, wakihamishwa nchi hadi nchi, mama yao yuko hai na jina lake halitajwi.

Haikuishia nyumbani. Ada alimshitaki Caruso kwa kumwibia vito na kwa kuizuia barua ya mkataba wa kazi iliyokuwa yake. Uchunguzi haukuona kosa. Kisha kibao kikageuka: mwaka 1912, mjini Milano, Ada na mashahidi wake wakashitakiwa kwa kusingizia, na Caruso akaenda mahakamani, mbele ya waandishi wa habari, kueleza namna alivyopendwa na namna alivyoachwa. Ada alikuwa Amerika ya Kusini. Alihukumiwa mwaka mmoja gerezani bila kuwapo. Hakurudi, alifia Rio de Janeiro mwaka 1946, miaka mitano kabla ya zile filamu mbili.

Sasa rudi kwenye hukumu ya 1956. Kama kuna sehemu ya maisha ya Caruso ambayo maneno ya majaji yangeienea sawasawa, ni hii. Hapa kweli mtu mwenye fedha, mwenye kuta, mwenye mawakili, alichagua kuyafungua mambo ya chumbani hadharani. Umaskini wa utotoni hakuuchagua. Kesi ya Milano aliiingia kwa miguu yake. Lakini sinema haikutaka kwenda huko, ikaenda kwa mtoto maskini ambaye hakuwa na la kuficha wala pa kufichia.

Kwa nini haikutaka? Woga wa warithi unaweza kuwa sababu, ila hautoshi. Nadhani sababu kubwa ni kwamba Italia ya 1951 isingejua la kumfanya Ada kwenye filamu. Katika sinema za Matarazzo mke hushukiwa, hufukuzwa, hulia, na mwishowe inabainika hakufanya lolote. Machozi ya ukumbi yanalipwa kwa usafi wake. Ada hangeweza kusafishwa. Aliishi na asiye mumewe, akamzalia, kisha akamwacha kwa dereva. Na sheria ya jinai ya wakati huo ilihesabu uzinzi wa mke kuwa kosa, kifungu cha 559, hadi Mahakama ya Katiba ilipokigusa mwaka 1968. Hayo hayakuwa maandishi ya kupamba kitabu. Mwaka 1954 Giulia Occhini, mwanamke aliyeishi na bingwa wa baiskeli Fausto Coppi huku mumewe akiwa hai, alikamatwa na kuwekwa ndani, na mwaka uliofuata wote wawili wakahukumiwa. Mtayarishaji wa filamu aliyekuwa na akili zake asingeweka hadithi ya Ada mbele ya wakaguzi na mapadri na kutegemea itapita.

Hapo ndipo ninapoiona kesi hii kwa jicho tofauti na wanasheria. Wao wanaihesabu kama hatua ya kwanza, yenye kujikwaa, katika safari ya haki ya faragha nchini Italia, na ni kweli ilikuwa hivyo. Mimi naona pia filamu mbili ambazo kila moja iliifunga familia ileile kwa namna yake. Moja ilimwonyesha Caruso akiwa mtoto wa watu, kabla hajawa baba wa mtu. Nyingine ilimwonyesha akiwa baba wa mtoto mmoja. Rodolfo na Enrico mdogo hawakuchafuliwa na filamu yoyote, walifutwa. Sheria ina kifungu cha aliyechafuliwa. Aliyefutwa hana pa kushitaki, hata leo.

Safari ya sheria naipitia kwa haraka. Mwaka 1963, katika kesi ya familia ya Petacci, jamaa za yule mwanamke aliyekuwa kipenzi cha Mussolini, Kasasioni ilianza kulegea: ikakubali kwamba utu wa mtu unalindwa na Katiba, kifungu cha 2, na kwamba kutangaza mambo ya maisha binafsi bila ruhusa na bila faida kwa umma kunaweza kuuvunja. Mwaka 1975 ikafika Soraya, aliyekuwa malkia wa Iran, aliyepigwa picha nyumbani kwake, na mahakama ileile ikatamka bila kigugumizi kwamba haki ya faragha ipo hata kwa mtu maarufu, kwa mambo ambayo umma hauna haja nayo ya msingi. Hukumu ya Caruso ikawa imezikwa, miaka 19 baada ya kutolewa. Tazama lakini ni akina nani waliobeba jeneza: nyumba ya Petacci na malkia wa zamani. Mtoto wa fundi wa Napoli ndiye aliyefungua njia kwa kushindwa.

Nikiulizwa kama filamu ya Gentilomo ilistahili kesi, ningesema haikustahili, na nasema hivyo nikiwa upande wa hoja ya Mahakama ya Roma ya 1953. Haina ukatili. Inampenda mtoto wake. Del Monaco anaimba kwa chuma cha sauti yake, ambacho hakifanani na asali ya Caruso wa kwenye santuri, na Randi hajui pa kuweka mikono wakati sauti ya mwenzake inapanda. Umaskini umepigwa rangi ili ung'ae. Kosa lake ni la aina ya filamu za namna yake zote: inaamini kwamba mateso ya utotoni yanaeleza kila kitu, kwamba ukishamwona mtoto na njaa umeshaielewa sauti. Mtu mzima aliyekuja baadaye, anayetuma fedha kwa kila ndugu na kukosa siku ya kukaa na wanawe, haingii katika hesabu hiyo.

Enrico mdogo naye aliwahi kuwa mwigizaji. Mwaka 1935 alikuwa nyota wa filamu ya Kihispania iliyotengenezwa Hollywood, El cantante de Nápoles, mwimbaji wa Napoli, akiwa amevaa kivuli cha baba yake na kutumia sauti yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1987. Miaka mitatu baadaye, nchini Marekani, kikatoka kitabu kinene alichokiandika pamoja na Andrew Farkas juu ya baba yake na familia yake. Yumo Marcellino, yumo Maria Castaldi, yumo Rina. Imo Livorno ya 1897 na imo kesi ya Milano. Na Ada Giachetti ametajwa kwa jina lake, kurasa kwa kurasa, na mwanawe.